Mpiga Piano Aliyejifunza kwa Wakulima

Watu wengi wakisikia habari za mpiga piano mashuhuri, humfikiria mtu aliyevaa koti jeusi, akaaye mjini, asiye na shughuli yoyote na watu wa shamba. Béla Bartók wa nchi ya Hungaria alikuwa mpiga piano mashuhuri, na koti jeusi alilivaa mara nyingi mbele ya watu katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Lakini mtu huyo huyo alitumia miaka mingi ya ujana wake kusafiri kutoka kijiji hata kijiji, akiwa na mashine ya kunasa sauti, akiwaomba wazee wa shamba wamwimbie nyimbo zao. Na katika siku za kazi alikuwa mwalimu wa piano katika chuo kikuu cha muziki cha nchi yake, akaishika kazi hiyo kwa muda wa miaka 27.

Kazi hizo tatu, yaani kupiga piano mbele ya watu, kuchunguza nyimbo za wenyeji, na kufundisha, wengi hudhani haziwezi kuchukuliwa na mtu mmoja. Kwa Bartók zilikuwa kama mafiga matatu: ukiliondoa moja, chungu huanguka. Tena alizifanya katika nyakati za vita na za chuki baina ya mataifa, wakati ambapo hata kuandika wimbo wa jirani kuliweza kumtia mtu mashakani.

MWANA WA MKUU WA SHULE YA KILIMO

Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi, 1881, katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós, ambao siku zile ulikuwa katika ufalme wa Hungaria, na leo umo katika nchi ya Romania, nao huitwa Sânnicolau Mare. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo, naye alikuwa mpenzi wa muziki. Mama yake, Paula Voit, alijua kupiga piano, na siku mtoto alipotimiza miaka mitano alimketisha mbele ya kinanda hicho akaanza kumfundisha.

Kwa msomaji ambaye hajaiona piano kwa karibu, yafaa kueleza kwamba ni kinanda kikubwa cha nyuzi za chuma, chenye vibao 88, vyeupe na vyeusi. Mpigaji abonyezapo kibao, nyundo ndogo iliyofunikwa kwa sufi hupiga nyuzi zilizokazwa ndani ya sanduku. Haifanani na vile vinanda vya kanisani viendavyo kwa upepo, ambavyo sauti yake hudumu maadamu kidole kinabonyeza. Sauti ya piano huanza kwa pigo, kisha hufifia yenyewe. Kwa hiyo mpigaji hodari hujulikana kwa mapigo yake: yawe na nguvu au upole, yaje upesi au polepole, na kila moja lifike mahali pake bila kukosea. Katika jambo hilo piano ina udugu na ngoma, na Bartók alilitambua vema kuliko wengi waliomtangulia.

Mwaka 1888, mtoto akiwa na miaka saba, baba yake alifariki. Mama akabaki na watoto wawili, Béla na dada yake Elza. Mjane huyo alishika kazi ya ualimu, akawalea watoto wake kwa mshahara huo na kwa kufundisha piano, akihama mji baada ya mji kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya shule ya mwanawe. Katika mji wa Nagyszőllős, ambao leo umo katika nchi ya Ukraine na huitwa Vynohradiv, Béla alipiga piano mbele ya watu kwa mara ya kwanza mnamo tarehe 1 Mei, 1892. Alikuwa na miaka 11. Alipiga muziki wa Beethoven, na pia muziki alioutunga mwenyewe juu ya safari ya mto Danube.

Alipomaliza shule, alikubaliwa katika chuo cha muziki cha Vienna, mji mkuu wa dola ya Austria na Hungaria, ambako vijana wengi wangalifurahi kwenda. Lakini yeye alichagua Budapest, mji mkuu wa nchi yake. Mwaka 1899 aliingia Chuo cha Muziki cha Kifalme, ambacho kilianzishwa mwaka 1875 chini ya Franz Liszt, mpiga piano aliyekuwa na sifa kupita wote katika karne ile. Mwalimu wa Bartók, István Thomán, alikuwa amefundishwa na Liszt mwenyewe. Kijana alimaliza masomo mwaka 1903, na watu walitazamia kwamba atakuwa mpiga piano wa kusafiri dunia nzima. Mwaka 1905 alikwenda Paris kushindana na vijana wenziwe wa mataifa mengine, na katika piano akashindwa na Mjerumani mmoja tu, Wilhelm Backhaus.

WIMBO WA MTUMISHI WA NYUMBANI

Kabla ya mashindano hayo, jambo moja dogo lilikuwa limekwisha kutokea. Katika mwaka 1904 Bartók alikwenda kukaa shamba, kaskazini ya nchi, ili apate utulivu wa kujifunza piano na kutunga. Katika nyumba hiyo alikuwamo msichana mtumishi, jina lake Lidi Dósa, aliyetoka katika milima ya Transylvania. Msichana aliimba akiwa kazini, na Bartók akamsikia. Wimbo ule haukufanana na muziki wowote aliofundishwa chuoni. Akamwomba auimbe tena, akauandika. Akamwomba nyingine, akaziandika pia.

Ili kufahamu mshangao wake, ni lazima kujua watu wa mjini walivyodhani wakati ule. Katika hoteli na mikahawa ya Budapest, bendi za Wajipsi zilipiga muziki wa kuchangamsha kwa fidla, na kila mtu aliamini kwamba huo ndio muziki wa asili wa Hungaria. Hata Liszt aliamini hivyo, akaandika kitabu juu yake. Mabwana waliosoma walifahamu lugha tatu au nne, lakini hawakujua wakulima waliowalimia ngano waliimba nini jioni. Hakuna aliyewauliza, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mtu wa shamba hana muziki bali makelele.

Mwaka 1905 Bartók alikutana na Zoltán Kodály, kijana mwenzake aliyekuwa akiuchunguza mpango wa nyimbo za wenyeji. Wakapatana kuifanya kazi hiyo kwa pamoja, kila mmoja ashike upande wake. Mnamo Desemba 1906 walitoa kitabu chao cha kwanza cha nyimbo 20 za Kihungaria, kumi za kwanza zikiwa zimepangiwa piano na Bartók, na kumi za mwisho na Kodály. Wenye piano mjini hawakukigombea. Lakini vijana hao walikuwa wamekwisha kuamua, wala hawakurudi nyuma.

MASHINE YA NTA

Chombo chao kikubwa kilikuwa fonografu, mashine iliyovumbuliwa na Thomas Edison wa Marekani mwaka 1877. Ilikuwa na pembe pana ambayo mwimbaji aliimba ndani yake. Sauti ilitikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba juu ya bomba la nta lililokuwa likizunguka. Sindano ikipitishwa tena katika mfereji ule, sauti ya mwimbaji ilirudi. Bomba moja lilichukua dakika chache tu, na nta ilikuwa rahisi kuvunjika au kuchakaa, kwa hiyo ilipasa kulitunza kama yai.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Mgeni wa mjini akiingia kijijini na kuomba aimbiwe, watu walimshuku. Wengine waliona haya; wengine walidhani anawafanyia mzaha. Mara nyingi bibi aliyeombwa wimbo wa zamani alimtolea wimbo wa kanisani, au wimbo mpya uliotoka mjini, kwa kuwa alidhani mgeni mwenye viatu vizuri hawezi kutaka vitu vya wazee. Bartók alikuwa mtu mwembamba, mwenye afya dhaifu na maneno machache, lakini kwa jambo hili alikuwa na subira isiyokwisha. Aliketi jikoni na penye meza za vileo, akangoja. Alipendelea zaidi wanawake wazee ambao hawakutoka kijijini kwao, kwa sababu wanaume wengi walikuwa wamekwenda jeshini na kurudi na nyimbo za kambi.

Aliandika kwanza kwa kalamu wimbo alioupata, kisha akaunasa katika nta, na huko nyumbani akausikiliza tena na tena ili kusahihisha alichoandika. Alipotaka kujua jinsi sauti ilivyopinda katika neno moja, aliendesha mashine polepole mpaka kila kipande kikasikika peke yake. Kwa kila wimbo aliandika jina la kijiji, tarehe, na jina na umri wa mwimbaji. Wakulima wale, ambao majina yao hayakuwamo katika kitabu chochote isipokuwa vya kodi na vya kanisa, wakaingia katika maandishi ya elimu kama watu wenye ujuzi wao.

Haba na haba hujaza kibaba. Miaka ilivyopita, nyimbo zilifikia maelfu, na ndipo mambo yaliyofichika yakaonekana. Nyimbo kongwe za Kihungaria hazikutumia zile sauti saba zifundishwazo chuoni, bali tano tu. Na nyingi zilianza juu kisha zikashuka. Nyimbo nyingine zilikuwa mpya zaidi, zenye mwendo wa kucheza. Na nyingine zilikuwa mchanganyiko, zilizopokewa kutoka kwa majirani. Mwaka 1924 Bartók alitoa kitabu kikubwa akizigawanya nyimbo za Hungaria katika mafungu hayo matatu, naye alionyesha kwa mifano jinsi kila fungu lijulikanavyo. Yale yaliyoitwa makelele yalionekana kuwa na sheria zake.

NYIMBO ZA JIRANI

Kama Bartók angaliishia hapo, watu wa nchi yake wangalimsifu bila ubishi. Lakini katika Hungaria ya siku zile waliishi pia Waslovakia, Waromania, Waserbia na wengine, na yeye hakuona sababu ya kupita mlango wa mkulima mmoja na kuuacha wa mwingine. Tangu 1906 alianza kukusanya nyimbo za Waslovakia, na kutoka 1908 za Waromania. Alijifunza lugha zao ili asiandike maneno kwa kubahatisha. Nyimbo za Kiromania peke yake alizokusanya zilizidi 3,000.

Mwaka 1913 alivuka bahari akafika Afrika. Alikwenda Biskra, mji wa penye ukingo wa jangwa katika Aljeria, pamoja na mkewe wa kwanza, Márta, akanasa nyimbo za Waarabu wa sehemu hizo. Joto la Juni na ugonjwa vilimlazimisha kukatiza safari, lakini alirudi na mabomba yake ya nta, na habari zake akazichapisha mwaka 1917. Alishangazwa hasa na ngoma, ambazo karibu kila wimbo ulizifuata, na mapigo yake yakaonekana baadaye katika muziki aliotunga kwa piano.

Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza 1914, ilipunguza safari zake, na amani iliyofuata karibu izikomeshe kabisa. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Trianon, Ufaransa, tarehe 4 Juni, 1920, Hungaria ilipoteza kiasi cha theluthi mbili za nchi yake. Mji aliozaliwa Bartók ukawa Romania. Mji alikosoma shule ukawa Chekoslovakia. Vijiji alivyozoea kuviendea vikawa ng'ambo ya mpaka, na watu wa pande zote walijaa uchungu. Katika mwaka huo huo alitoa maandishi juu ya muziki wa Waromania wa wilaya moja, akashambuliwa katika gazeti la Budapest kwamba si mzalendo, maana ameitukuza sanaa ya adui. Yeye alijibu kwa utulivu kwamba huo ni uchunguzi wa elimu, na kwamba mtu hawezi kuijua sanaa ya kwao sawasawa asipojua ya jirani.

Uchunguzi wake ulimwonyesha sababu. Wimbo ulipovuka mpaka haukuharibika. Uligeuzwa kidogo na wale walioupokea, na mara nyingi ukarudi kwao ukiwa na sura mpya. Mwaka 1942, wakati ambapo watawala wa Ujerumani walikuwa wakiua watu kwa ajili ya fikira ya usafi wa damu, Bartók aliandika makala akionyesha kwamba nyimbo za Ulaya ya Mashariki zimepata utajiri wake kwa kuchanganyika, wala si kwa kujitenga.

Safari yake kubwa ya mwisho ya kukusanya nyimbo ilikuwa Uturuki, mnamo Novemba 1936. Pamoja na mtungaji wa huko, Ahmed Adnan Saygun, aliwafuata wafugaji wenye kuhamahama karibu na Adana. Huko alisikia nyimbo zilizofanana na zile kongwe za Hungaria, ingawa mataifa hayo mawili yalikuwa yametengana kwa mamia ya miaka.

MWALIMU NA WANAFUNZI WAKE

Nyimbo hazikumlisha Bartók. Mshahara wake ulitoka katika kufundisha. Mwaka 1907 aliteuliwa kuwa mwalimu wa piano katika chuo alichosoma, mahali pa Thomán aliyekuwa mwalimu wake, na hapo alidumu hata 1934. Nafasi hiyo ilimwezesha kukaa nchini, na wakati wa likizo akaenda vijijini. Alikataa kufundisha utungaji wa muziki. Alifundisha piano tu.

Darasani hakuwa mwenye kuhubiri. Mwanafunzi alipokosea, Bartók aliketi kwenye piano ya pili akakipiga kile kipande kama kipasavyo, na akarudia mpaka mwanafunzi akasikia tofauti mwenyewe. Katika mapigo hakusamehe uzembe hata kidogo. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Fritz Reiner, ambaye baadaye alikuwa kiongozi maarufu wa okestra Marekani, na wapiga piano Lili Kraus na György Sándor. Ditta Pásztory naye alikuwa mwanafunzi wake, kisha akawa mkewe wa pili mwaka 1923.

Lakini wanafunzi aliowafikiria zaidi walikuwa watoto. Kati ya 1908 na 1909 alitunga vipande vidogo vya piano kwa ajili yao, juu ya nyimbo za Kihungaria na za Kislovakia. Kabla ya hapo mtoto wa Budapest alianza piano kwa mazoezi makavu yaliyotungwa na wageni. Sasa aliweza kuanza kwa wimbo aliouimba bibi wa kijijini, ukiwa umewekwa chini ya vidole vidogo bila kuharibiwa.

Kutoka 1926 hata 1939 alitunga kazi kubwa zaidi ya namna hiyo, iitwayo Mikrokosmos, yenye vipande 153 katika vitabu sita. Cha kwanza chaweza kupigwa na mtoto aliyeanza juzi, mikono yote miwili ikienda njia moja. Kisha hatua kwa hatua ugumu huongezeka mpaka vile vya mwisho, vinavyofaa kwa wapigaji wakubwa mbele ya watu. Sita vya mwisho vina mapigo ya ngoma za Bulgaria, ambayo hayaendi mawili-mawili wala matatu-matatu, bali huchanganywa: mawili, mawili, kisha matatu, au manne, mawili, kisha matatu. Mtu wa mjini aliyezoea mwendo wa askari hujikwaa. Mkulima wa Bulgaria huyacheza bila kufikiri. Sehemu ya vitabu vya kwanza Bartók aliitumia kumfundishia mwanawe mdogo, Péter, aliyezaliwa 1924.

MBELE YA WATU

Katika muda huo wote aliendelea kupiga piano hadharani. Alizunguka Marekani kutoka mwisho wa 1927 hata mwanzo wa 1928, na Urusi mwaka 1929. Alipiga muziki wa Bach, Beethoven na Liszt, na pia muziki wake mwenyewe, ambao mara nyingi uliwashtua wasikilizaji. Kwa maana Bartók hakuificha nyundo ya piano. Pale wengine walipojitahidi kukifanya kinanda kiimbe kama sauti ya mtu, yeye katika baadhi ya kazi zake alikiacha kipige kama ngoma. Mwaka 1937 alitunga muziki wa piano mbili pamoja na ngoma na vyombo vingine vya kupigwa, na tarehe 16 Januari, 1938, yeye na Ditta waliupiga kwa mara ya kwanza mjini Basel, Uswisi.

Hivyo mafiga matatu yalitegemeana. Sikio la mpiga piano lilimwezesha kuandika barabara yale aliyoyasikia kijijini. Yale ya kijijini yakaingia katika muziki alioupiga mjini. Na kila alichokijaribu kwa vidole vyake kikashuka kwa wanafunzi. Mwaka 1934 aliacha kufundisha chuoni, akahamishiwa Akademia ya Sayansi ya Hungaria ili azipange nyimbo zote za nchi kwa ajili ya kuchapishwa. Alikuwa akiitamani kazi hiyo miaka mingi.

KUIACHA NCHI

Lakini nyakati zilikuwa zimekwisha kuharibika. Mnamo Januari 1933 Bartók alipiga piano mjini Frankfurt; siku chache baadaye Hitler alishika utawala, na Bartók hakupiga tena katika Ujerumani. Mwaka 1938 Ujerumani ilipoimeza Austria, kampuni ya Vienna iliyochapisha muziki wake iliangukia mikononi mwa watu wa Hitler. Akaletewa karatasi ya kuulizwa kama damu yake ni ya taifa gani. Alikataa kuijaza, ingawa hakuwa Myahudi na asingedhurika kwa kujibu, akahamishia kazi zake kwa wachapishaji wa London.

Kilichomzuia kuondoka kilikuwa mama yake mzee. Paula alipofariki, mwezi wa Desemba 1939, kizuizi hicho kikaondoka. Bartók na Ditta wakapiga mara ya mwisho Budapest tarehe 8 Oktoba, 1940, kisha wakasafiri, wakafika New York mwishoni mwa mwezi huo. Siku chache kabla ya kuondoka aliandika wasia. Humo alisema kwamba maadamu katika Hungaria upo uwanja au barabara yenye jina la Hitler au la Mussolini, isiwepo barabara, uwanja wala jengo litakaloitwa kwa jina lake yeye.

Marekani hakupata raha nyingi. Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa shahada ya heshima, na baadaye kazi ya kuandika nyimbo za Waserbia na Wakroati zilizokuwa zimenaswa katika sahani na mwalimu Milman Parry. Kazi hiyo ilimpendeza, lakini ilikuwa ya muda, nayo ikaisha. Waliomwita kupiga piano walikuwa wachache. Tarehe 21 Januari, 1943, yeye na Ditta walipiga mjini New York mbele ya okestra iliyoongozwa na Fritz Reiner, mwanafunzi wake wa zamani. Na baada ya hapo hakupiga tena hadharani. Mwezi uliofuata, alipokuwa akitoa mafundisho katika Chuo Kikuu cha Harvard, nguvu zilimwishia. Alikuwa na ugonjwa wa damu uitwao lukemia.

Ndipo waliofaidiwa naye wakamkumbuka. Reiner na Joseph Szigeti, mpiga fidla rafiki yake, walimwendea kiongozi wa okestra ya Boston, Serge Koussevitzky, naye akamwagiza Bartók atunge muziki kwa malipo ya dola 1,000. Mgonjwa akapata nguvu akatunga, na muziki huo ulipopigwa Boston tarehe 1 Desemba, 1944, ulisifiwa sana. Leo hupigwa na okestra duniani kote. Mwaka 1945 aliandika muziki wa piano na okestra kwa ajili ya Ditta, ili mkewe apate kitu cha kupiga atakapobaki peke yake. Alipofariki tarehe 26 Septemba, 1945, akiwa na miaka 64, zilibaki sehemu 17 ndogo za mwisho ambazo hazijaandikwa kikamilifu. Rafiki yake Tibor Serly alizimaliza, na mwaka 1946 György Sándor, mwanafunzi wake, akawa wa kwanza kuupiga mbele ya watu.

KILICHOBAKI

Maandishi makubwa ya Bartók juu ya nyimbo yalitoka yeye akiwa kaburini: nyimbo za Waserbia na Wakroati mwaka 1951, za Waromania katika vitabu vitano kutoka 1967 hata 1975, na za Waturuki mwaka 1976. Mkusanyo mkubwa wa nyimbo za Hungaria ulianza kuchapishwa 1951, ukisimamiwa na Kodály. Mabomba ya nta yamehifadhiwa Budapest katika nyumba ya makumbusho, na sauti za wakulima waliokufa zamani zaweza kusikika hata leo. Mwaka 1988 mabaki ya Bartók yalichukuliwa kutoka Marekani yakazikwa Budapest kwa heshima ya taifa.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Bartók hakuiacha asili. Wala hakuifanya fimbo ya kumpigia jirani. Tena alijua kwamba kazi hiyo ina saa yake. Kila mzee aliyekufa kabla hajafikiwa alikwenda na nyimbo zake, wala hakuna chuo kilichoweza kuzirudisha. Vyombo vya kunasa sauti siku hizi ni vyepesi, vyaweza kuchukuliwa mfukoni, na wajuao kuandika wako katika kila kijiji. Aliye na bibi ajuaye nyimbo za kupalilia, za kubembeleza watoto au za arusi, na amwombe amwimbie, aandike jina lake na umri wake na mahali, tena asikatae cha kwanza atakachopewa, hata kikiwa wimbo wa kanisani. Cha pili huenda kikawa ndicho.